Tupeane uzoefu: kumuunda Dalek, sauti yake na utani wa ngazi

Msasa80
Wakuu, uzi huu ni wa wanaochonga, wanaofuma na wanaomtania Dalek, kiumbe katili anayeishi ndani ya gamba la chuma, adui wa siku zote wa Doctor Who, ile tamthilia ya kisayansi ya BBC. Tarehe 21 Desemba 1963 watazamaji wa BBC hawakumwona hata mzima. Waliona mkono wake tu ukimsogelea mwanamke aliyebanwa ukutani akipiga mayowe, na mkono wenyewe ulikuwa mpira wa kuzibulia sinki. Terry Nation aliandika hadithi, Raymond Cusick akachora umbo, na mpira ule haujaondoka hadi leo. Kichekesho kiko hapohapo, ila hakinogi mpaka mwili mwingine wote uwe umenyooka. Mpira wa sinki ukiuchomeka kwenye boksi lililopinda, umebaki na boksi lililopinda.

Naanza na sketi, yaani sehemu ya chini ya mwili. Ina nusu-mpira 56: safu 14 za kusimama, minne kwa kila safu, kipenyo kama sentimita 10. Fremu ipige plaiwudi ya milimita 9, paneli za nje milimita 4, sakafu ya chini milimita 18 kwa sababu inabeba kiti, mtu na magurudumu. MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) inakatika vizuri lakini ni nzito, na ukingo wa chini ukigusa maji mara moja tu unavimba kama andazi. Na kabla hujagusa msumeno, pima mlango utakaomtolea! Mgawe vipande vitatu (sketi; mabega; shingo pamoja na kuba la kichwa) ufunge kwa bolti za milimita 8 na nati za masikio, ili ufungue bila spana.

Gundi_Haitoshi
Kwenye mipira ndiko wengi wanakoangukia. Nunua ya kutosha nusu 60 au zaidi, maana kuna itakayopasuka. Mpira ukae kwenye kikombe usizunguke, ukate kwa kufuata mshono wake, kisha usugue ukingo juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka ukae bapa. Ile plastiki laini inayoteleza kama nta haishiki rangi: ikwaruze kwa msasa namba 240, ifute mafuta, pulizia praima ya plastiki (rangi ya msingi), ndipo rangi. Ukiruka praima, rangi itabambuka kama ngozi ya nyoka.

Anayetumia ile sponji nyeupe ya kufungashia televisheni aipake gundi nyeupe ya mbao mara tatu kwanza, kila mkono ukauke. Rangi ya kopo ina kiyeyusho kinachokula sponji, na utabaki na mashimo. Gundi ya moto nayo usiiamini juani. Gari likisimama saa moja tu, mipira inaanza kudondoka mmoja mmoja. Tumia epoksi kwa ndani.

Kabatini
Asiye na nafasi atengeneze wa mezani kwa vimpira vya pingpong. Kimpira ni milimita 40, yaani sehemu mbili kwa tano ya mpira halisi, kwa hiyo Dalek wa mita 1.6 anakuwa sentimita 64. Vimpira 28 vikikatwa katikati vinatoa 56 kamili. Vile vya zamani vya seluloidi vinashika moto haraka mno, msikate kwa kisu cha moto.

Msasa80
Hesabu safi mkuu. Ila chukua 32.

Gurudumu_la_Nne
Nyongeza ya chini. Mwendeshaji hukaa kwenye kibao akisukuma kwa miguu, kwa hiyo kila kitu kinategemea magurudumu. Weka ya mpira yanayozunguka pande zote, milimita 75. Vigurudumu vidogo vigumu hukwama kwenye mfereji wa vigae, na kwa kuwa kuba liko juu, Dalek anainama mbele kama anayesujudu. Kiti kikae katikati au nyuma kidogo, na sketi iachie sentimita 3 kutoka sakafuni.

Dirisha la mwendeshaji ni wavu ulio nyuma ya pete za shingo. Wavu wa mbu uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa unatosha. Ndani pasiwe na taa yoyote, la sivyo watoto watauona uso wako. Feni ya kompyuta ya volti 12 ipulize hewa nje, maana dakika kumi tu humo ndani ni joto la tanuri.

SautiYaBati
Sauti: lile koromeo la chuma ni sauti ya mtu iliyozidishwa na wimbi la hezi 30. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, rekodi kwa mono (chaneli moja), chagua kipande chote, fungua Nyquist Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika (mult *track* (hzosc 30)), kubali. Rekodi chumba chenye mapazia na nguo, kwa sababu mwangwi nao unazidishwa na maneno yanageuka uji. Lakini programu haimwokoi msomaji mbovu. Kila silabi ipewe uzito sawa, sauti ipande kadiri hasira inavyopanda. Kiswahili kinamfaa ajabu, silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu: A-NGA-MI-ZA! Mjaribu na "Tafadhali vua viatu" kwa sauti hiyohiyo, mtaona.

Kwa sauti ya moja kwa moja, spika itazame mbele na maiki iwe ya kichwani. Ukiitundika ndani ya kuba itapiga mluzi. Taa mbili za kichwani si lazima zifuate sauti kwa saketi. Kitufe cha kubonyeza kila silabi kinatosha, na waendeshaji wa zamani wa BBC ilibidi wajue mistari ili wawashe kwa wakati.

Ngazi_Tano
Wenye katuni, utani wa Dalek kutoweza kupanda ngazi ni wa kale, una ndevu. Punch, jarida la vichekesho la Uingereza, lilichapisha katuni yake mwaka 1981, Dalek wamesimama chini ya ngazi na mpango wa kuteka ulimwengu umekwisha. Mwaka 1988 mmoja akapanda kwenye televisheni, na kuanzia 2005 wanapaa angani waziwazi. Ukichora ngazi leo ongeza kitu: lifti mbovu, foleni, mlinzi anayedai kitambulisho.

Kabatini
Na wafumaji je, mnaruhusiwa kuuza?

UziNaSindano
Ndipo penye mtego. Mwaka 2008 BBC ilimtaka mfumaji mmoja aondoe mtandaoni ruwaza zake za viumbe wa Doctor Who, baada ya watu wengine kufuma na kuuza eBay. Dalek mwenyewe ana wenye haki wawili, BBC na warithi wa Nation. Fuma wa kwako, mpe mpwa wako. Kila kifundo cha sketi fuma mishono mitano kwenye tundu moja ndipo uibane pamoja, na ujaze pamba sketi kabla ya mabega. Ukichelewa, mkono hauingii na kiuno kinalegea.