Mgeni anataka kuniachia mashine ya kujazia risasi za .375, nichukue au niache?

Chalii_wa_Porini:
Wakuu habari za jioni. Nipo Arusha hapa Sakina, nafanya kazi kampuni moja ya uwindaji wa kitalii, bado msaidizi tu ila Mungu akijalia nataka nikafanye mtihani wa uwindaji bingwa. Bunduki ninayo ya kwangu .375 H&H Magnum, leseni ipo, kila kitu kihalali. Shida ni risasi. Mkono hauzoei bila kufyatua na kila ukifyatua unaona kabisa ada ya mtoto ndo hiyo imetoka mtutuni. Sasa kuna mgeni wetu wa Marekani, mzee mmoja mtaratibu sana, kaniona naokota maganda nayaweka kwenye soksi akacheka akasema kwao yeye haokoti kwa ukumbusho, anajaza tena: kuna mashine ya mkono inabana ganda lirudi umbo lake, unaweka praima mpya, kale kadude ka nyuma kanakogongwa na pini, unapima baruti kwenye mizani, unakandamiza kichwa juu, kazi imeisha. Ameahidi akirudi ananiletea mashine yake ya zamani bure. Naombeni ushauri, kuna mtu Arusha au Moshi anajaza? Baruti inapatikana wapi? Na mwenye vipimo vya baruti kwa kichwa cha greni 300 (greni ni kipimo cha uzito) anitupie.

Kijenge_Juu:
Umetaja bunduki, umetaja kazi, umetaja mtaa, halafu unauliza baruti inapatikana wapi 😂😂 kaka futa hiyo Sakina kwanza ndo tuongee

Mama_Swala (Moshi):
Mdogo wangu, leseni yako ni ya kumiliki, sio ya kutengeneza. Soma Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kutengeneza risasi kunataka leseni yake peke yake, na kujaza ganda kwenye meza ya jikoni sidhani kama kuna askari atakuelewa ukimwambia hiyo sio kutengeneza. Halafu hata mgeni akupende vipi, baruti na praima hapandi nazo ndege ya abiria. Kinachoruhusiwa ni risasi kamili, kilo 5 kwa mtu, mzigo wa chini, na shirika la ndege likubali. Kwahiyo utabaki na chuma kizuri sebuleni na huna cha kukilisha. Kabla hujapokea hata hicho chuma nenda polisi mkoa kwa wanaoshughulika na silaha uulize, jibu wakupe kwa maandishi. Mimi nimesoma Mweka, chuo cha wanyamapori, haya mambo tulifundishwa tukayaona ya kuchosha, ila kazini ndo unajua kwanini yapo.

Fundi_Mtutu:
Mama Swala kamaliza upande wa sheria, mimi naongelea ganda. Hiyo .375 Holland & Holland waliitoa 1912, enzi za kodaiti, baruti ya zamani ya nyuzi ndefu, ndo maana ganda lake refu limechongoka halafu bega, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni, limelala sana, na kwa sababu bega limelala wakaweka mkanda kule chini ili ganda likae kwenye chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, kwa kushikwa na mkanda sio na bega. Sasa ukilibana kwenye mashine vibaya bega linarudi nyuma, ukifyatua linavutika tena mbele, ukibana tena linarudi, na panapolika ni palepale juu kidogo ya mkanda, kwa nje huoni kitu, ndani kumekuwa kwembamba kama karatasi, siku likikatika gesi inakurudia usoni. Tunaongelea presha ya hadi pauni 62,000 kwa inchi ya mraba hapo, sio mchezo.

La pili joto. Mzee wako anajaza kwake kwenye ubaridi, wewe risasi inashinda juu ya dashibodi ya Land Cruiser porini huko Longido saa nane mchana. Baruti nyingi zikipata joto presha inapanda, boliti, kile chuma cha kufungia chemba, inakuwa ngumu kunyanyua, ganda linagoma kutoka, na hapo nyati yupo mbele anakuangalia. Na vichwa visipobanwa vizuri shingoni, teke la bunduki linavisukuma ndani ya ganda zikiwa bado kwenye magazini. Vipimo sikutupii na mtu yeyote akikutupia humu usivitumie, namba za baruti zinatoka kwenye kitabu cha mwenye baruti, sio kwa mtu asiye na jina.

Longido_Express:
Tusitishane wakuu. Afrika Kusini watu wanajaza kila siku na nyati wanaanguka. Na hao wa kiwandani nao si malaika, .458 Winchester Magnum ya 1956 risasi za mwanzo zilisumbua, baruti imeshindiliwa kwenye ganda fupi ikawa inagandana, risasi inatoka imechoka.

Fundi_Mtutu:
@Longido_Express kweli kabisa, na kiwanda kina maabara bado kiliteleza. Wale wa Afrika Kusini wana maduka ya baruti, vitabu, na kifaa cha kupima mwendo wa risasi, na sheria yao inawaruhusu. Chalii ana soksi.

Mama_Swala:
😂😂 jamani

Ngaramtoni_Kwetu:
Chalii kama lengo ni mkono kuzoea, nusu ya kazi haihitaji risasi. Tafuta zile za plastiki za mazoezi zisizo na baruti, hakikisha chemba na magazini ni tupu, simamisha stiki tatu za kuegemeza bunduki uani ukielekea ukuta salama, jizoeze kuweka mtutu, kuvuta pumzi, kubana kifyatulio taratibu, kukokota boliti bila kutoa kitako begani. Wengi ninaowaona wanashindwa hapo kwenye kukokota, wanashusha bunduki wakaangalie walichopiga! Zile za moto weka za kuhakiki shabaha tu, na chache za kusimama.

Chalii_wa_Porini:
Nimewaelewa wakuu, mashine nitamwambia aache kwanza mpaka nikaulize polisi. Swali la mwisho, dukani zimebaki za kichwa laini tu, kile kinachopanuka kikigonga; solidi, zile za kichwa kigumu kisichopanuka, mpaka mzigo mwingine. Nichukue hizo?

Fundi_Mtutu:
Chukua, ila maboksi yote yawe na namba ileile ya toleo la kiwandani. Solidi zikija usidhani zinapiga palepale, zihakiki upya kwa karatasi mita 50 kabla hujaingia nazo kitaluni.