Huu ni mwezi wa saba najitolea masjala baada ya mafunzo kwa vitendo: niendelee au niache?

Binti wa Isevya
Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Nina Stashahada ya Utunzaji wa Kumbukumbu kutoka Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya Tabora. Nilipokuwa mwanafunzi nilifanya mafunzo kwa vitendo katika masjala, yaani ofisi ya kutunza majalada, ya halmashauri moja ya mkoani kwetu, na nilipohitimu mkuu wa masjala akaniomba nirudi kuwasaidia, kwa kuwa walikuwa wawili tu na majalada yalikuwa yamerundikana hadi sakafuni. Kila asubuhi napokea barua, nazigonga muhuri wa tarehe, naziandika katika daftari la barua zinazoingia, kisha kila moja naiweka katika jalada lake na kuipa namba ya folio, yaani namba ya mfuatano wake ndani ya jalada, kabla jalada halijapelekwa kwa afisa anayehusika. Kazi naipenda, lakini sina barua yoyote inayonitambua, sina posho, na nauli ananipa mama kutokana na karanga anazouza sokoni. Baba mdogo aliyeko Urambo ananiita nikamsaidie vitalu vya tumbaku msimu huu. Naomba ushauri wenu: kujitolea huku kutanifikisha kwenye ajira, au najichelewesha?

Mstaafu wa Uyui
Marahaba, binti yangu. Nimefanya kazi masjala kwa miaka mingi, na nimewaona vijana wengi wakiingia kwa mlango uliouingia wewe, kwa hiyo nakujibu bila kukuficha. Kujitolea hakukupi haki ya kuajiriwa. Halmashauri ikipata kibali cha kuajiri hutangaza nafasi, maombi hupitia Ajira Portal, mfumo wa Serikali wa kuomba kazi mtandaoni, na aliyejitolea miaka mitatu hukaa chumba kimoja cha usaili na aliyetoka chuo jana. Mkuu wako wa masjala, hata akikupenda namna gani, hawezi kukupitisha hapo.

Lakini usidhani miezi hiyo imepotea. Siku ya usaili wa vitendo, mtu akiwekewa barua kumi mezani na kuambiwa azifungulie majalada, huonekana mara moja nani amewahi kuifanya kazi hiyo na nani ameisoma tu. Nimemwona mwenye alama nzuri za darasani akiweka barua ya madai ya likizo katika jalada la somo, yaani la mada fulani ya kazi za ofisi, badala ya jalada binafsi la mtumishi, na hilo kosa halifanywi na mtu aliyeshika jalada kila siku. Ongeza juu yake Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, uisome mpaka uweze kuieleza kwa maneno yako, maana watu wa masjala wengi wanaitekeleza bila kuijua.

Kinachonisikitisha ni hilo la kukosa barua. Unashika majalada ya siri za watumishi wa umma bila andiko lolote linalosema wewe ni nani. Likipotea moja, wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe. Mwandikie Mkurugenzi wa halmashauri, barua ipitie kwa mkuu wa masjala, ukiomba kutambuliwa rasmi kama mhitimu anayejitolea, kwa muda unaotajwa na majukumu yanayotajwa.

Mwana Kasulu
Dada, mimi nilijitolea miaka miwili katika ofisi ya kata huku Kigoma, nikiandika mihtasari ya vikao na kumsaidia mtendaji kufuatilia michango ya ujenzi wa madarasa. Nafasi za Mtendaji wa Kijiji zilipotangazwa nilifurahi mno, kisha nikasoma sifa: kidato cha nne au cha sita pamoja na Astashahada katika fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Sikuwa nayo. Wewe stashahada unayo, na ndiyo inayotakiwa kwa Msaidizi wa Kumbukumbu, kwa hiyo hakikisha tu cheti chenyewe kimetoka, kwa sababu matokeo ya muda hayapokelewi.

Mama Wawili
Naomba nitofautiane kidogo na mzee wangu, kwa heshima. Barua ni nzuri, lakini haimlipii mama nauli. Omba siku tatu kwa wiki, siku nyingine utafute kipato, hata kwa kuchapa barua za watu stationari. Wakikataa, nenda Urambo kwa roho safi. Maombi ya Ajira Portal unaweza kuyatuma ukiwa popote.

Binti wa Isevya
Nawashukuru sana, na samahani kwa kukaa kimya wiki mbili. Barua niliiandika nikiomba miezi sita, siku tatu kwa wiki. Ilipofika masjala niliipokea mimi mwenyewe, nikaigonga muhuri na kuiandika daftarini kama barua ya mtu mwingine yeyote. Jana jalada limerudi kutoka kwa Mkurugenzi likiwa na dokezo la kukubali, na nauli ya siku hizo tatu itatoka ofisini. Baba mdogo nimemwambia nitakwenda Urambo mwisho wa kila wiki mpaka miche ihamishiwe shambani. Mzee wangu wa Uyui, kama una nafasi, naomba unieleze namna ya kupanga upya majalada yaliyofungwa, kwa kuwa ndiyo kazi niliyopewa kuanzia Jumatatu.