Programu imempa kijani, mikono yangu inakataa

MchuaMisuli:
Wakuu, naomba mawazo yenu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia wa timu ya soka. Msimu huu tumeletewa programu ya akili mnemba. Inasoma vifaa vya GPS wanavyovaa wachezaji mgongoni (umbali, kasi, mara ngapi kakimbia mbio kali), kisha kila asubuhi jina linatokea na rangi yake: kijani yuko salama kucheza, nyekundu yuko hatarini kuumia. Wiki iliyopita winga wetu alikuwa kijani. Lakini chumbani nilimwona akivaa soksi: hakuinama, aliunyanyua mguu wa kulia kwa mikono miwili kama mzigo. Nikambonyeza nyama za paja, akasema "niko poa, dokta", huku vidole vya mguu vimejikunja. Nikaomba apumzishwe. Kocha akanionyesha kishikwambi. Dakika ya 23 alishika paja, akakaa chini. Inaniuma kwamba sikukomaa. Nyie mnafanyaje?

DaktariWaBenchi:
Pole sana mkuu. Programu inajua ilicholishwa tu. Iliambiwa kama aliwahi kuumia paja hilohilo? Jeraha la zamani ni kati ya viashiria vikubwa vya jeraha jipya la nyama za paja. Halafu piga hesabu: una wachezaji 25, wiki hiyo wa kuumia ni 1. Programu inayomsingizia mzima 1 katika kila 5 itakuwashia nyekundu karibu 5 za bure, na yule mmoja bado inaweza kumkosa. Mimi nikiona kijani nasoma "hakuna taarifa mpya", basi.

GotiLaKushoto:
Msiitupe lakini. Nilikatika ligamenti ya mbele ya goti. Miezi 7 baadaye sina maumivu, nalilia kurudi. Wakanirekodi nikiruka kutoka kwenye kiboksi, programu ikaonyesha goti linaingia ndani kila nikitua. Mimi mwenyewe sikuhisi kitu. Nikasubiri mpaka miezi 9 ikapita. Ila ile fomu ya asubuhi ya "unaumwa wapi", wachezaji tunadanganya. Tunaogopa kupoteza namba.

MchuaMisuli:
Hapo kwenye namba umenigusa. Leo nimemuuliza, kakiri: siku nne mfululizo alijaza maumivu 0. Na Daktari, jeraha lake la msimu uliopita liko kwenye daftari langu, kwenye programu halimo. Kesho naingiza daftari zima, kisha namwomba kocha nafasi moja pembeni ya rangi, niandike nilichokuta baada ya kumshika mchezaji.