Programu ya kuunganisha akaunti za ujumbe: nipange kwa mtu au kwa akaunti?

Fundi_Nkuhungu
Ndugu zangu, ninasanifu programu ya simu kwa ajili ya wafanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, Tanzania, ambao wateja wao huwaandikia kwa WhatsApp, Telegram na SMS siku hiyo hiyo. Ninataka ujumbe wote uingie katika kikasha kimoja. Je, niupange kwa mtu, hata kama ametumia akaunti tatu, au kila akaunti ibaki na orodha yake?

Hombolo_Msimbo
Kabla ya mpangilio, tazama mlango. Telegram imewaachia wasanifu wa nje njia rasmi ya kutengeneza programu zao, lakini WhatsApp imetoa njia ya namna hiyo kwa biashara tu, na huko zikipita saa 24 tangu mteja alipoandika mara ya mwisho, huwezi kumwandikia isipokuwa kwa kiolezo, yaani ujumbe ulioandaliwa mapema, kilichoidhinishwa na WhatsApp. Ukipitia njia za panya, akaunti inaweza kufungiwa, na namba hiyo ndiyo wateja wanayoijua. Umoja wa Ulaya umeilazimisha WhatsApp kisheria kuwasiliana na huduma nyingine, ila wajibu huo haufiki Kongwa.

Mama_Gunia
Kijana wangu, mimi ni muuzaji, si fundi. Usiunganishe watu kwa kukisia. Hapa sokoni simu moja hutumiwa na dereva, dalali na hata mwenye mzigo, kwa hiyo programu ikiamua kuwa wote ni mtu mmoja, bei ya dalali nitampelekea mnunuzi. Iniulize kwanza, na niweze kuwatenganisha baadaye. Jibu nalo lirudi kwa njia ile ile ujumbe ulikoingilia, kwa sababu aliyeniandikia SMS huenda hana bando.

Mlezi_wa_Seva
Ujumbe wa WhatsApp husimbwa, yaani hugeuzwa usisomeke, kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji. Ukiweka daraja, yaani programu ya kupokea ujumbe wa huduma moja na kuupitisha kwenye nyingine, kwenye seva yako, ujumbe utafunguliwa hapo kabla ya kusafirishwa tena, nawe utaweza kuusoma. Afadhali daraja likae ndani ya simu. Tena, anayehifadhi mazungumzo ya watu anaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Fundi_Nkuhungu
Nashukuru sana. Nitaanza na SMS na Telegram, na kuunganisha watu kutafanywa na mtumiaji mwenyewe. Mama, alama ya kuonyesha ujumbe umetoka akaunti gani ungependa iwe rangi au maandishi?

Mama_Gunia
Maandishi, tena kwenye kila ujumbe. Kwa jua la saa saba pale mnadani, rangi zote ni moja.