Kichanga siku ya tatu: kilo 3.2 zimeshuka hadi 2.98, nimpe glukosi?

MamaKichanga: Habari zenu wapendwa. Mtoto ana siku tatu. Alizaliwa na kilo 3.2, leo mizani inasoma 2.98. Anataka kunyonya kila baada ya saa moja na nusu, na ziwa linatoa matone mazito ya njano tu. Bibi yake anasema apewe maji ya glukosi mpaka maziwa yashuke. Nimpe?

Mkunga_Tanga: Hongera kwa uzazi, dada. Usimpe. Gramu 220 ni kama asilimia 7 ya uzito wake, na vichanga wengi hupungua hivyo siku za mwanzo kwa kutoa maji ya mwilini na choo cheusi. Akishuka chini ya kilo 2.88, yaani zaidi ya asilimia 10, mpeleke kituoni siku hiyohiyo. Uzito wa kuzaliwa urudi ndani ya wiki mbili.

Hayo matone ya njano ni dang'a, yana kinga nyingi. Siku ya kwanza tumbo lake hutosheka na kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya tano, na kinachoyaita ni kunyonywa, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku pia. Ukimpa glukosi tumbo linajaa, analala, ziwa halinyonywi, maziwa yanazidi kuchelewa. Mweleze bibi hivyo kwa upole.

Nesi wa Watoto: Naongezea: hesabu nepi. Siku ya tatu zilowe angalau 3, kuanzia siku ya tano 6 au zaidi. Choo kitoke cheusi, kiwe cha kijani, kisha cha njano kufikia siku ya tano. Kikibaki cheusi siku hiyo, hapati maziwa ya kutosha.

Mara nyingi tatizo ni namna anavyoshika ziwa. Tumbo lake liguse lako, kidevu kizame kwenye ziwa, mdomo wa chini ugeuke nje, ashike na sehemu nyeusi, si chuchu peke yake. Chuchu ikitoka imebanwa bapa, mtoe kwa kuingiza kidole safi pembeni ya mdomo, uanze upya.

MamaKichanga: Asanteni sana. Na kitovu? Wanataka kupaka majivu. Macho nayo naona yana unjano kidogo.

Mkunga_Tanga: Majivu hapana, wala mafuta: yanaweza kuingiza vijidudu, pepopunda ikiwemo. Kiache kikavu, nepi ikunjwe chini yake. Kama kituo kilikupa jeli ya klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), ni ya kitovu tu, isiguse macho kabisa.

Nesi wa Watoto: Unjano unaoanza siku ya pili au ya tatu ni wa kawaida kwa wengi, ila apimwe kesho. Ukifika viganjani au nyayoni, akigoma kunyonya, akiwa mlegevu, akipata joto la 37.5 kwenda juu au mwili ukawa wa baridi, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, nendeni sasa hivi hata kama ni usiku. Kumwanika jua la asubuhi si tiba ya manjano.