Jibu: Kadi za msamiati wa Kijapani kwa anayejiandaa akiwa Mbeya

Mdogo wangu wa Uyole, pamoja na wanajumuiya wote,

Uliuliza namna ya kutengeneza kadi za msamiati wa Kijapani, zile zenye swali mbele na jibu nyuma, ukiwa bado Mbeya. Kwa kuwa unatarajia kuanza masomo huku Japani katika muhula wa Aprili, ni heri utengeneze kadi zako sasa, kabla shughuli za ugenini hazijakuzonga.

Programu ninayoipendekeza ni Anki, ambayo hukuonyesha kadi hizo na kuzirudisha kwa vipindi ili usizisahau. Kwenye simu ya Android itafute kwa jina la AnkiDroid, ambayo ni ya bure, nawe uwe mwangalifu, kwani zipo nyingine zenye majina yanayofanana nalo ambazo hutoza fedha. Kwenye iPhone programu rasmi hulipiwa. Kadi zikishakuwa ndani ya simu huhitaji bando ili kujisomea, hivyo unaweza kuzirudia hata ndani ya daladala ya Mwanjelwa.

Kazi kubwa ni kuzuia pupa. Programu imepangwa kukupa kadi mpya 20 kila siku, idadi ambayo mwanzoni huonekana ndogo; lakini kila kadi hurudi baada ya siku kadhaa, kisha baada ya wiki, na ukiendelea hivyo utajikuta unadaiwa marudio yapatayo 200 kwa siku. Ingia kwenye mipangilio, punguza ziwe 7 au 8, na siku ya msiba au ya kuvuna viazi usichukue kadi mpya hata moja, ila marudio usiyaache.

Seti zilizo tayari mtandaoni ni nyingi, lakini karibu zote zimeandaliwa kwa Kiingereza, na mtu huishia kutafsiri mara mbili kichwani. Mimi naona bora seti ndogo uliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili. Upande wa mbele usiweke neno pekee, weka sentensi fupi yenye kanji, yaani herufi za Kijapani zinazobeba maana. Kitenzi kau, kwa mfano, kikiandikwa 買う ni kununua, na kikiandikwa 飼う ni kufuga, kwa hiyo ukiandika かう peke yake, kwa herufi za sauti tu, hutajua unaulizwa nini. Andika 牛を飼う mbele. Nyuma weka うしをかう, yaani matamshi yake kwa herufi za sauti, na maana: kufuga ng'ombe.

Mwisho, fungua akaunti ya AnkiWeb, hifadhi ya Anki ya mtandaoni, ambayo nayo ni ya bure, na ulandanishe kadi mara kwa mara, yaani nakala ya mtandaoni ilingane na ya kwenye simu. Wengi wakifika huku hununua simu nyingine, na kadi ambazo hazikulandanishwa hubaki kwenye ile waliyomwachia ndugu nyumbani.

Kaka yako wa Tukuyu, niliyeko Nagoya