Nauziwa "wingu" kila mwezi, hivi nalipia nini?

MwenyeDuka_Mbale: Ndugu zangu, naomba ushauri. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbale, Uganda. Kijana mmoja aliniwekea programu ya mauzo, akasema ni ya "wingu", ndiyo maana nalipa shilingi 90,000 kila mwezi. Juzi umeme ulikatika ofisini kwake, kwangu ulikuwepo, lakini nikashindwa hata kuona bei ya misumari. Kumbe seva, yaani kompyuta inayotunza data zangu, iko chini ya meza yake! Hilo nalo ni wingu?

Fundi_Ntinda: Pole ndugu. Neno lenyewe lilitoka kwenye michoro. Mafundi wa mitandao walichora wingu kuonyesha sehemu ya mtandao ambayo hawakuwa na haja ya kuieleza ndani. Amazon walipoanza kukodisha hifadhi na seva mwaka 2006, jina likazidi kuenea. Mwenye wingu hasa ana seva nyingi, moja ikizimika nyingine inapokea kazi. Unaongeza au unapunguza mwenyewe, unalipa kwa kadiri ulivyotumia, kama mita ya maji. Wewe unalipa kodi ya meza.

MamaChai: Kodi ya meza! Mmenimwagisha chai.

Msafiri_Busia: Hata hilo wingu hasa lisiwalevye. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, data zilikuwa salama huko ziliko, sisi tukarudi kwenye daftari. Tafuta programu inayouza bila mtandao, halafu mtandao ukirudi inapeleka hesabu yenyewe.

Fundi_Ntinda: Hapo umenena. Mwenye duka, kabla hujamhama muulize mawili: nikitaka data zangu zote leo kwenye faili la Excel, nazipata? Na nakala ya akiba iko wapi? La kwanza ndilo zito, maana wengi hukwama hapo. Majina na simu za wateja wa mkopo yamo humo, sivyo? Basi Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawagusa nyote wawili.

MwenyeDuka_Mbale: Wamo wote, ssebo, hadi wanaodaiwa saruji tangu Krismasi. Nimempigia sasa hivi. Faili atatuma jioni, umeme ukirudi. Nakala ya akiba ipo, anasema, kwenye flashi. Flashi anatembea nayo mfukoni.